Matundu Kumi na Tano

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa mtaa wa Ng'ambo, na nina kiburi. Mteja akileta mashine, hata iwe kuukuu vipi, ulimi wangu haujui kusema sijui. Kwa hiyo mama aliponiletea kompyuta ya marehemu baba, nilimwambia akae anywe chai, nitaiwasha kabla haijapoa.

Mama alikuwa na lake rohoni. Miaka mingi baba alijifungia chumbani akiandika, na mtu akiingia alizima skrini. Mama aliamini baba anamwandikia mwanamke wa Nzega.

"Namwombea dua kila siku," aliniambia, "na wala sijui nimsamehe nini."

Nikaigeuza mashine nyuma. Tundu la kibodi lilikuwa la duara, lenye vijitundu vinne badala ya sita nilivyovizoea, lakini kibodi yake ilikuwepo, ikaingia. Kazi ilikuwa skrini. Nikaona tundu pana, nikahesabu vijitundu vyake kwa kijiti cha meno: kumi na tano, sawasawa na pini za waya wa skrini ya baba. Tatizo ni kwamba vijitundu vilijipanga safu mbili, na pini za waya safu tatu. Nikasukuma hivyo hivyo, maana mama alikuwa ananiangalia. Waya ukagoma.

Nikatangaza, kwa sauti ya daktari, kwamba hilo ni tundu la kuchomekea usukani wa michezo ya kompyuta. Baba yangu, mwalimu wa hesabu, hakuwahi kucheza hata karata. Chai ilipoa, na siku tatu nzima nikatafuta tundu la skrini ambalo halikuwepo.

Siku ya nne akapita mtani wa baba, mzee wa Kizaramo aliyeoa mtaa wa Chemchem, kuja kunicheka. Msibani kwetu watani wana haki yao: hunyakua vitu vya marehemu, na wafiwa huvikomboa kwa kuku. Sisi tulikomboa fimbo na kofia, tukadhani tumemaliza. Sasa mzee alikuwa anazungusha funguo zake, na zilining'inia kwenye kijidude cha plastiki. Nikamshika mkono. Upande mmoja wa kijidude ulikuwa na pini safu mbili, upande wa pili vijitundu safu tatu: daraja kati ya lile tundu na waya wa skrini.

"Hicho mlikiacha wenyewe," alisema. "Nikajua Wanyamwezi hawa hata urithi wao hawaufahamu. Kuku wawili."

"Mmoja, mtani."

"Wawili. Mmoja wa kijidude, mmoja wa ujinga."

Nikatoa wawili, na nilistahili.

Skrini ilipowaka mama alivuta kiti karibu, amejishika magoti. Faili lilikuwa moja tu, refu. Nikamsomea: "Leo tumegombana juu ya bati la jikoni. Mama watoto alisema litavuja. Limevuja. Nisimwambie." Chini yake: "Alinikataza kumwazima shemeji baiskeli. Imerudi bila gurudumu. Alikuwa sahihi. Nisimwambie." Ilikuwa hivyo kurasa kwa kurasa, miaka na miaka, na kila siku ilimalizwa kwa neno hilo hilo.

Nilicheka mpaka machozi, kisha nikamtazama mama. Alikuwa amejiziba mdomo kwa upindo wa kanga, na hakuwa anacheka.

"Miaka yote nilidhani naongea na ukuta," alisema. "Kumbe alikuwa ananisikia."