Njaa Yangu Nyumbani kwa Meya

Kwetu Unguja posa huja nyumbani kwa mwanamke. Wazee hupiga hodi, hukaribishwa, huzungumza habari za mvua na za wagonjwa, ndipo mmoja wao hukohoa na kutaja shida iliyowaleta. Kwa hiyo dada yangu mkubwa, Bi Zuhura, alishika kichwa nilipomwambia kwamba mimi, baba wa binti, ndiye ninayepanda ndege kuwafuata wakwe.

"Hamadi, umeyaona wapi haya? Siku hizi mwanamke ndiye anayepeleka posa?"

Nikamweleza. Lukas, kijana aliyemtaka mwanangu Salma, amekwisha kusilimu, ana adabu, na wanafanya kazi hospitali moja hapa London. Wazazi wake, hata hivyo, wanafuga ng'ombe huko Austria, na ng'ombe hawaahirishi kukamuliwa kwa sababu ya posa. Isitoshe, baba yake ni meya wa manispaa.

Neno meya lilimtuliza dada kidogo. Mimi lilinilevya. Wiki nzima sikununua hata bamia katika soko la Walthamstow bila kumwambia muuzaji nakwenda kwa nani.

"Haya, nenda," akasema Bi Zuhura. "Lakini watamke wao. Wasipotamka, rudi na mdomo wako umeufunga. Na wakitamka, usijibu palepale kama mtu anayetupa mtoto. Waambie utazungumza na wazee. Na mzee mwenyewe ni mie."

Siku ya safari nilitoka alfajiri nimevaa suti na tai, na sanduku lenye halua. Salma na Lukas walikuwa na zamu, wangenifuata kesho yake. Salma alinisindikiza hadi kituo cha treni. Mimi humsemesha Kiswahili, yeye hunijibu Kiingereza, na hatujawahi kugombana kwa hilo. Nilimuuliza nifanyeje huko ugenini. Akanijibu niwe kama nilivyo siku zote. Ushauri huo, kama mtakavyoona, nusura uniue kwa njaa.

Kutoka uwanja wa ndege wa Vienna nilipanda treni kubwa kuelekea magharibi, kisha treni ndogo yenye mabehewa machache. Vilima vilianza kuinuka, vya kijani kibichi, na kila kilima kimewekewa nyumba moja juu yake kama kofia. Mbele yangu aliketi mama mmoja na kuku ndani ya kikapu. Nikajisemea, hawa wa manispaa wana mambo.

Nilishuka katika kituo chenye benchi moja. Nilikuwa nimetegemea dereva. Nikamwona mwanamume mrefu amevaa mabuti ya mpira, nyasi kavu zimemganda shingoni. Akanishika mkono kwa nguvu, akalichukua sanduku langu. Nikamshukuru kwa Kiingereza, nikamuuliza kwa sauti ya mtu mkubwa, "Na Meya yuko wapi?"

"Amekushikia sanduku," akasema.

Huyo ndiye Franz, baba yake Lukas. Alicheka mpaka tulipofika kwenye gari. Mimi nilicheka baadaye sana.

Njiani alinionyesha manispaa yake, nami nitawaeleza ili nanyi msiende huko na tai. Ni kijiji kimoja na mashamba yanayokizunguka. Kuna kanisa lenye mnara mwembamba, shule ambayo watoto wamebandika majani ya karatasi madirishani, duka moja, na ofisi ya manispaa iliyojaa maua kiasi cha kudhani ni nyumba ya bibi harusi. Gari la zimamoto linang'aa, lakini wazimamoto ni wakulima wenyewe, hujitolea, na king'ora kikilia huacha kazi zao wakakimbia. Meya akimaliza kukamua huvaa koti, akaenda kusikiliza mashtaka ya barabara na theluji. Lililonifurahisha zaidi ni kwamba watu husalimiana njiani, hata wasiojuana. Nimekaa London tangu ujana wangu, miaka michache baada ya mapinduzi kwetu, na nilikuwa nimesahau raha ya kusalimiwa na mtu asiyetaka kitu.

Mchana tulifika nyumbani kwao, nyumba kubwa ya pande nne yenye ua katikati, kama nyumba zetu za mjini. Mkewe, Maria, alitupokea mlangoni. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, lakini alikuwa amekaanga samaki wa mtoni kwenye kikaango kipya kabisa, karatasi ya dukani bado imeganda kwenye mpini. Nikaelewa: kikaango ambacho nguruwe hajakipitia. Roho yangu ilijaa furaha.

"Utakula?" akaniuliza.

Nikafanya kama nilivyofunzwa. "Ahsante, nimeshiba."

Mnajua yanayofuata kwetu. Mwenyeji huapa kwamba huondoki, hukushika mkono, nawe husema "basi kidogo tu," unaletewa sinia. Maria alitikisa kichwa kwa heshima, akaondoa sahani. Aliiondoa, jamani, kama mtu anayezima taa!

Mtu mwenye akili angejifunza hapo. Mimi nilijiambia labda hakunisikia vizuri. Jioni ikaja mikate, jibini na mayai. "Utakula?" Nikajibu nimeshiba, safari hii kwa sauti ya kinyonge, ya mtu anayeomba kubembelezwa. Sahani ikaenda zake. Halua yangu ilikuwa juu ya kabati, imefungwa, wenyeji wakisubiri watoto waje waifungue pamoja. Niliitazama kwa muda.

Asubuhi nilikataa tena. Kwa nini, hata sijui. Baada ya kukataa mara mbili niliona haya kukubali. Tena niligundua jambo la kuniogopesha: wenyeji wangu hawakuwa wametamka. Hakuna aliyekohoa, hakuna aliyetaja shida. Nikaanza kumfikiria Salma anashuka kwenye treni ananitazama usoni, nami sina la kumwambia.

Nikatoka kwenda dukani. Njia nzima watu walinisalimu, na muuza duka akanipokea kwa furaha: "Mgeni wa meya!" Ningenunuaje mkate? Mchana kijiji kizima kingejua kwamba kwa meya watu hulala njaa. Nikanunua stempu.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na mipeasi mirefu, ya zamani, mapeasi yametapakaa chini. Nikatazama kushoto na kulia, nikaokota moja, nikaling'ata kwa imani yote. Ulimi uliganda, mashavu yakaingia ndani, macho yakatoa machozi. Nilipogeuka, Franz alikuwa amesimama na toroli.

"Hayo hatuli," akasema. "Hayo ni ya kukamua juisi. Hata ng'ombe hawayapendi." Akanitazama vizuri. "Hamadi, wewe una njaa?"

Nilitaka kusema nimeshiba. Mdomo haukufunguka.

Akanipeleka jikoni. Akasema Maria amehuzunika tangu jana. "Anasema mtu asiyekula kwetu hawezi kutupatia binti yake. Ndiyo maana tumeogopa kuuliza."

Nikawaeleza habari yote: kwetu hapana ya kwanza ni adabu, ya pili ni heshima, ya tatu ni mazungumzo. Franz akamtafsiria mkewe. Maria akaweka mikono kiunoni.

"Mara tatu?"

"Wengine nne."

Alicheka, akafuta macho kwa aproni, akanipakulia samaki aliyebaki na viazi. Nilikula kama mfungwa aliyeachiwa. Aliponiuliza kama naongeza, mazoea yakasema "Hapana, ahsante," lakini mkono wangu ukaishika sahani asiichukue.

Hapo Franz alivua kofia. "Basi nina swali jingine. Lukas amekwisha kumuuliza binti yako. Sasa tunauliza sisi, mimi na Maria. Tunaomba Salma awe binti wa nyumba hii."

Wametamka. Nikafungua mdomo kusema nitazungumza na wazee. Ningeweza kueleza na desturi hiyo pia, maana kwa kueleza sichoki. Lakini nilimwona Maria, ameshika ukingo wa meza, ananitazama mdomoni. Mama yule nilikwisha kumwambia hapana mara tatu mezani kwake mwenyewe. Ya nne singeweza.

"Ndiyo," nikasema.

Jioni watoto walifika, halua ikafunguliwa. Salma alinikumbatia, akasema "ahsante, Baba," kwa Kiswahili.

Niliporudi London nilikwenda moja kwa moja mtaa wa Thornton Heath, kwa Bi Zuhura. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Palepale?" akasema. "Hata kukohoa hukukohoa?"

"Dada, kule ukikohoa sahani inaondoka."

Alinuna. Kisha akauliza taratibu, "Lakini walitamka wenyewe?"

"Wenyewe, wote wawili. Tena Meya alivua kofia."

Akainuka kwenda jikoni. "Nimepika wali wa nazi. Utakula?"

"Ndiyo," nikasema.

Bi Zuhura alirudi mbio, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso kuona kama nina homa.