Wimbo wa Kinu

Nina ugonjwa mmoja ambao siutafutii dawa: napenda kuwa wa kwanza. Mwanamuziki akishaanza kupigwa redioni, mimi simtaki tena. Namtaka angali anaimba pembeni ya mkahawa huku watu wanatafuna, kipaza sauti kinakoroma, na waliokuja kwa ajili yake ni mimi na watu wanne. Hapa Maskati wa namna hiyo wapo, ukijua pa kuwatafuta. Nimewahi kumpata mpiga saksafoni wa jazi ambaye mchana anauza miwani, na mpiga udi aliyekuwa akipiga nyimbo za kijijini kwao kwenye ufunguzi wa duka la mazulia. Nikishampata mtu, nawapigia simu jamaa zangu wote na kujisifu utadhani nimemzaa mimi.

Yule mwimbaji nilimpata hivyo hivyo, Ijumaa moja baada ya alasiri, kwenye ua wa mkahawa mmoja kule Hail. Bendi ilikuwa ya fanki: Mfilipino kwenye besi, Mhindi kwenye kinanda, na kijana wa Kiomani kwenye dramu, mikono ya dishdasha ameikunja mpaka viwikoni. Mwimbaji mwenyewe alikuwa Mtanzania, mtu wa Tanga, ambaye siku nyingine zote anatoa nyusi kwa uzi katika saluni moja ya Darsait. Alikuwa na sauti nzito yenye mikwaruzo, na alipoifungua nywele zilinisimama. Walipomaliza nilimfuata nikamwambia kwamba kuanzia leo atanichoka. Akacheka, akaniita dada.

Nikamchukua, nikampeleka nyumbani Mawaleh kwa bibi yangu aliyenilea, ili akakae na mtu anayezungumza Kiswahili cha Unguja cha zamani. Hapo ndipo nilipojiponza.

Bibi alikuwa na wimbo wake. Tangu utotoni nilimsikia akiuimba jikoni anapotwanga iliki, mistari miwili tu:

Kinu changu kipya, chanukia karafuu,
Nimekirithi kwa mama, nakiweka juu juu.

Baada ya hapo huendelea kwa kughuna, mdomo umefungwa. Sikumbuki nimemwomba mara ngapi aniimbie uliobaki. Kila mara alinijibu kuwa ameusahau, miaka imekuwa mingi na Unguja iko mbali. Nilimwamini. Nilimhurumia, hasa, na kila nilipopata mwimbaji mpya wa nyimbo za asili nilimuuliza kama anaujua, nikitumaini kumrudishia bibi kilichompotea.

Kwa hiyo siku ile, mbele ya bibi, nilimweleza mgeni wangu kwa kirefu kwamba huu ulikuwa wimbo wa kazi, wa wanawake wa mashamba ya karafuu wakitwanga pamoja, na kwamba besi ikiingia chini yake itakuwa moto. Nilizungumza kama mwalimu. Wao wawili wakatazamana. Bibi akaomba maji, nami nikaenda kuyaleta.

Baadaye yule dada akawa anakuja hata nisipokuwapo, asubuhi za siku zake za mapumziko, mimi niko wizarani. Bibi alisema anakuja kumpaka hina. Nilifurahi kwelikweli. Niliwaambia wenzangu kazini kwamba bibi amepata mtu wa kuzungumza naye, na aliyemletea ni mimi.

Kisha ikaja Ijumaa nyingine kwenye ua ule ule wa Hail. Nilikaa mbele, kama kawaida yangu. Besi ilianza peke yake, taratibu, ile ile niliyokuwa nimeiimba kwa mdomo nyumbani kuwaonyesha itakavyoingia. Halafu akaanza: kinu changu kipya. Mistari yangu miwili ikapita, na wimbo haukusimama. Ukaja ubeti wa mchi, ukaja wa mtwangaji mwenye pupa, ukaja wa chungio. Nyuma yangu walikaa wanawake wa Kitanzania, na kufikia ubeti wa tatu walikuwa wanapiga vigelegele na kufunikana midomo kwa mitandio. Wanaume walipiga makofi kufuata dramu, hawaelewi neno. Nami nikaelewa pale pale, nimekaa kwenye kiti cha mbele na glasi ya sharubati mkononi, kwamba kinu si kinu na mchi si mchi. Ulikuwa wimbo wa unyago, unaoimbwa chumbani, wanawake watupu, mwali anapofundwa karibu na harusi yake.

Na ulikuwa mtamu. Hilo liliniuma zaidi: sijasikia kitu kizuri kama kile katika miaka yote ya kuzunguka kwangu, na nilikuwa mtu pekee pale aliyechezwa shere.

Nilimfuata nyuma ya jukwaa. Sikumpa hata pongezi. Hakukana lolote. Aliniambia kuwa alikwisha chezwa unyago kwao kabla ya kuolewa, ndiyo maana bibi alimfundisha, na kwamba aliapishwa asinitajie. Nikamuuliza kama aliapishwa pia asiuimbe mbele ya wanaume. Akainama, akaanza kukunja waya wa kipaza sauti ambao haukuwa wake.

Bibi nilimkuta sebuleni anamenya chungwa. Nilimwambia yote bila salamu. Kwanza aliuliza kama kweli wanaume walikuwapo, nami nikasema walijaa. Kisu kikasimama mkononi mwake. Kisha nikamuuliza kwa nini alinidanganya.

"Hujaolewa, mwanangu," akasema. "Ningekwambia nini?"

"Nna miaka arubaini na moja, bibi. Nani mwengine humu ndani anaujua?"

"Kila aliyeolewa."

Maana yake binamu zangu wote wa kike. Maana yake hata mdogo wangu, niliyembeba mgongoni. Wote walikuwa wakinisikiliza nikiwaeleza habari za wanawake wa mashamba ya karafuu, Idi baada ya Idi, na hakuna aliyefungua mdomo. Nilimwambia bibi kwamba sijawahi kuonewa na mtu kama alivyonionea yeye, na nilikuwa nalia.

Aliniacha nilie. Kisha akauliza msichana yule aliimba beti ngapi. Nikahesabu, nikamwambia nne. Akashusha pumzi.

"Basi haukutimia. Wa tano sikumpa. Huo sijampa mtu, nimekuwekea wewe, siku yako ikifika."

"Na isipofika?"

Akarudi kwenye chungwa lake.

"Basi ntazikwa nao," akasema, kwa upole, wala hakuwa anatania.