Nilikuwa Masikio ya Minza

Mezani kwangu, ofisini hapa Bariadi mjini, lipo kopo la maziwa ya unga lenye punje za mahindi ndani. Hiyo ndiyo kazi yangu, kupima watoto masikio. Naletewa mtoto, namkalisha kitini, nasimama nyuma yake, natikisa. Akigeuka naweka alama ya vema. Asipogeuka natikisa tena kwa nguvu, kisha namtazama mama yake, na mama yake ananitazama mimi. Nimefanya hivyo miaka mingi mpaka bega la kulia linaniuma wakati wa mvua. Walituletea mashine ya kisasa inayolia yenyewe, lakini umeme ukikatika narudi kwenye kopo langu. Na kila nikilitikisa napata harufu ya pamba na magunia makuukuu, ingawa ofisini hamna gunia hata moja. Sijawahi kumwambia mtu kwa nini. Leo nimechoka kukaa na jambo hili, basi nawaambia ninyi.

Minza ni mdogo wangu, tumepishana miaka mitatu. Alipokuwa na miaka miwili aliugua homa kali, shingo ikakakamaa, tukajua tumempoteza. Akapona. Ila tangu hapo ukimwita hageuki, na vineno alivyokuwa ameanza kuvisema vikapotea kimoja kimoja. Bibi, mama yake baba, alisema mtoto ameshtuka tu, atarudi. Baba alisema ni ukaidi, kaurithi kwenye ukoo wa mama yake. Neno kiziwi halikutamkwa nyumbani kwetu hata siku moja. Tuliliogopa tukidhani likitamkwa litabaki.

Mimi sikuwa na shida na jambo lolote. Nilikuwa na mdogo wangu, na tuliongea kwa mikono kutwa nzima. Vidole viwili kwenye paji la uso ni ng'ombe. Kubana pua ni bibi, kwa ajili ya ugoro wake. Kukunja uso na kurekebisha kofia ambayo haipo ni baba. Mimi jina langu lilikuwa kidole kwenye jino la mbele, kwa sababu siku aliponibatiza nilikuwa na pengo. Jino liliota, jina halikubadilika. Tulisengenya kaya nzima mbele ya macho yao, hata kanisani, na hakuna aliyejua. Jamani, tulicheka!

Na watu wa nje hawakugundua kitu, kwa sababu ya salamu zetu. Anayetujua Wasukuma anajua hatuna haraka kwenye salamu. Mkubwa atakuuliza umeamkaje, nyumbani je, baba je, mama je, ng'ombe je, na kila swali jibu lake ni lile lile: mhola, yaani salama. Katika maneno yote aliyoyapoteza Minza, hilo moja lilimbaki, limekwaruzika kidogo lakini linaeleweka. Alipiga magoti, akatazama midomo ya mkubwa, midomo ikitulia anasema mhola. Wazee walimsifu. "Binti ana adabu huyu," walisema, "hana maneno mengi."

Basi, ilikuwa ile miaka ambayo kila kitu kilikuwa ruksa. Mitumba ilijaa magulioni. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuja na malori yao, kila mmoja na mizani yake, wakapima kandokando ya barabara iendayo Lagangabilili. Ghala la chama cha msingi cha ushirika likabaki tupu, popo darini, mabaki ya pamba kwenye pembe. Shuleni nako kila mwezi kulikuwa na mchango mpya. Katika kuja kwao wageni wa kila namna, likaja pia Land Rover lililomleta mtaalamu mmoja na dereva wake. Mwenyekiti wa kijiji akatangaza kwamba watoto wote wanaotarajia kuanza darasa la kwanza wapelekwe ghalani wakapimwe akili na masikio, kwa siku mbili.

Bibi alitema ugoro. "Wamemaliza kupunja pamba," akasema, "sasa wamehamia kwa watoto."

Watu walicheka, lakini cheko lenyewe lilikuwa la woga. Habari ilikuwa imeshaenea kwamba mtoto atakayeshindwa atapakiwa garini na kupelekwa shule ya bweni mbali huko, asikokujua mtu, na kurudi ni Krismasi, kama atarudi. Tulilala mkeka mmoja, mimi na Minza, blanketi moja. Akiota vibaya ananishika sikio. Nikawaza, huko bweni atamshika nani sikio? Nani atajua kwamba kubana pua ni bibi? Nilikuwa na miaka kumi. Nikaamua Minza hatashindwa.

Siku ya kwanza walipimwa watoto wa kitongoji cha juu. Walipotoka niliwasubiri njiani nikawahoji kama askari. Wakanieleza kila kitu: kuna vipande vya mbao vya kupanga, kuna kuchora mtu, halafu yule bwana anasimama nyuma yako na kopo la mahindi, akilitikisa kulia ugeuke kulia, akilitikisa kushoto ugeuke kushoto. Hicho tu.

Alasiri ile nilimpeleka Minza nyuma ya nyumba, kwenye ua wa minyaa. Nikatia choroko kwenye kopo la mafuta ya kujipaka, nikamwonyesha linavyotikiswa, kisha nikakaa mbele yake. Nikishika goti hili, geukia huku. Nikishika lile, geukia kule. Mwanzoni alikosea kila mara, maana tulikuwa tumetazamana na kulia kwangu kulikuwa kushoto kwake. Tukarudia, tukarudia, mpaka kivuli cha nyumba kikatufikia. Mama alipita na mzigo wa kuni kichwani. Akasimama. Alitutazama kwa muda, kopo mkononi mwangu, Minza akigeuza shingo huku na kule. Halafu akapita zake. Usiku wakati wa chakula alinipakulia michembe, viazi vyetu vikavu, mingi kuliko wote, na hakunitazama usoni.

Kesho yake tukaenda. Mama aliambiwa akae nje kwenye benchi na mdogo wetu mchanga mgongoni. Minza alining'ang'ania gauni, akaanza kulia, na mtaalamu akasema, "Haya, dada mtu aingie, akae pale kwenye magunia, asiseme kitu." Sikusema kitu. Naapa, neno halikunitoka.

Alikuwa bwana mnene wa makamo, shati limelowa mgongoni. Foleni ilifika hadi barabarani. Bati la ghala lilikuwa linawaka, na nadhani tangu asubuhi alikuwa hajapata hata maji ya kunywa. Zamani nilimlaumu. Sasa nami nimekwisha kukaa kwenye kiti kile, najua mtoto wa arobaini kwenye foleni anavyoonekana machoni pa mtu aliyechoka.

"Mwangaluka," akamsalimu kwa Kisukuma cha kujifunza.

Minza akapiga magoti. "Mhola."

"Nyumbani je?"

"Mhola."

"Safi sana. Baba yako anaitwa nani?"

"Mhola," akasema Minza.

Bwana yule akacheka. "Ana aibu huyu." Akaandika.

Vipande vya mbao Minza alivipanga kabla yule bwana hajamaliza kumwelekeza. Alivitazama mara moja tu, tap tap tap, akainua uso akingojea vingine. Bwana akavivuruga, akatazama saa yake, Minza akavipanga tena. Picha ya mtu ikawa ni bibi mzima na kopo lake la ugoro. Nilijawa na fahari mpaka nikasahau nilichoendea.

Kisha akasimama, akachukua kopo, akaenda nyuma yake.

Nilikuwa nimekaa kwenye magunia, mbele ya Minza, mikono mapajani, kama mtoto mwenye adabu zake. Akatikisa kulia. Nikagusa goti. Minza akageuka. Akatikisa kushoto, nikagusa lingine. Minza huyo. Alitikisa taratibu mpaka mimi mwenyewe nilikaza masikio, na Minza akageuka kama kawaida. Mara moja akainua mkono bila kutikisa, kutega, na vidole vyangu vilikuwa vimeshanyanyuka. Nikavirudisha. Akatulia, na Minza akatulia. Jasho lilinitiririka kisogoni. Halafu yule bwana akanitazama mimi. Ni kitambo kidogo tu. Siku hizi najiuliza kama aliniona, akahesabu watoto waliobaki nje, akaamua kutoniona.

Akatoka nasi hadi kwenye benchi. "Mama, mtoto anasikia vizuri kabisa," akamwambia mama, "na kichwani yuko vizuri kuliko wengi niliowaona hapa. Tatizo lake ni aibu. Mpelekeni shule, atachangamka." Akanigeukia. "Na wewe mkubwa, una akili, lakini usiwe unamjibia kila kitu. Mwachie naye ajisemee."

Mama akasema wabeja, ahsante, huku macho yako chini.

Jioni baba alichinja kuku. Firigisi, ambayo tangu nizaliwe sikuwahi kuiona ikitoka kwenye sahani yake, alimpa Minza. "Nilisema mimi," akarudia mara tatu, "ni ukaidi tu." Minza aliikata kwa meno, nusu akanipa mimi. Sijawahi kula kitu kitamu kama kile, na ndiyo maana mpaka leo firigisi sili.

Minza akaanza darasa la kwanza. Mimi nilikuwa la nne, chumba kingine, na hakuna magoti yanayofika ukuta wa pili. Mwalimu wake alikuwa na watoto wengi na fimbo moja, na alikuwa ameshaambiwa kwamba huyu anasikia. Akimwita haitiki. Akimwambia aandike, anatazama daftari la jirani. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alikuwa akisema, na kila neno na fimbo yake. Mwenzenu nilikuwa naisikia fimbo ile kupitia ukutani, nikijua ni nani. Nilitaka kusema. Lakini ningesemaje? Ilikuwa imeandikwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila sisi hatukuumbuka. Aliyeumbuka ni mtoto.

Darasa la tatu aliacha. Hakuna aliyemfuata. Mimi nilifaulu, nikaenda sekondari, kisha chuo cha ualimu mbali na nyumbani. Kila mtu alisema nina akili. Nilipoondoka niliondoka na watu wote ambao Minza alikuwa akiongea nao, maana walikuwa ni mimi peke yangu.

Tukiwa chuoni walitupeleka siku moja kutembelea shule ya bweni ya watoto viziwi. Tulifika wakati wa mapumziko. Uwanja mzima ulikuwa mikono. Watoto walikuwa wanasengenyana, wanagombana, wanadanganyana, mmoja anamwigiza mwalimu na wengine wameshika mbavu. Nikatafuta ukuta nikakaa. Wenzangu walidhani nawaonea huruma wale watoto, wakanibembeleza. Nilikuwa nawaonea wivu kwa niaba ya mtu mwingine.

Ndipo nikaomba kusomea kazi hii. Watoto wakija na dada zao, naomba dada akae nje. Wengine hulia, dada na mdogo pia. Nawaacha walie.

Minza sikumwambia. Miaka ikapita, nikawa naenda Kiloleli alikoolewa, napeleka sukari na vitenge, tunaongea kwa mikono yetu ya zamani, narudi. Ana watoto watatu wanaosikia. Wanajua mikono ya kazi: lete maji, funga mbuzi, njoo ule. Kusengenya hawajui.

Mwaka jana, baada ya mavuno, nilimkuta anapepeta mpunga uani. Nikakaa mbele yake nikamweleza. Nilitikisa kopo ambalo halipo. Nikagusa goti hili, kisha lile. Akacheka mpaka ungo ukamwagika! Alikumbuka kila kitu, mpaka jasho la yule bwana. Miaka yote hiyo alijua tulimshinda. Akaniuliza, akicheka bado, lile gari lingempeleka wapi.

Nikamwambia. Nyumba kubwa. Watoto. Midomo imefungwa, mikono inaongea.

Mikono yake ikaacha mpunga. Akauliza: kama sisi?

Kama sisi.

Akaweka kidole kwenye jino lake la mbele, kuniita, nimtazame vizuri. Wangapi?

Hapo ndipo nilipoelewa kile ambacho mtoto wa miaka kumi hakuweza kukielewa, kwamba nilidhani namwokoa asiende kwa wageni, kumbe nilimzuia asiende kwa wenzake. Nikafungua vidole kumi, nikafumba. Nikafungua tena, nikafumba. Tena. Tena. Sikujua nitaishia wapi, na machozi yalikuwa yameshaniziba macho.

Minza akaidaka mikono yangu yote miwili, akaibana chini, juu ya magoti yake, ili ninyamaze.