Vidole vya Feza

Mwanangu, ipo siku moja ya vita ambayo nikiikumbuka mpaka leo najiuma midomo. Nilikuwa muuguzi kijana hapa Kindu, kazi yangu kuwalaza wagonjwa usingizi kabla ya kisu, na nilijiona najua kila kitu. Usicheke. Kichwa changu kilikuwa kigumu kama chako.

Aliletwa msichana wa miaka sita kutoka upande wa Kailo, jina lake Feza, ana ngiri iliyokwama. Dawa zilikuwa haba. Nilimpa ya usingizi, lakini ile ya ganzi, inayochomwa karibu na mishipa ya fahamu ili kidonda kisimuume akiamka, niliirudisha kabatini. Nilisema moyoni: mtoto husahau, hii nitawawekea watu wazima. Alipoamka hakulia. Nikaandika kwenye karatasi yake kwamba haumwi, nikaenda zangu kunywa chai.

Mzee Ramazani, mkubwa wangu wa kazi, hakusoma karatasi. Alifunua shuka. Vidole vya Feza vilikuwa vimeng'ang'ania ukingo wa kitanda.

"Nani amekuambia huyu haumwi?"

"Halii, Mzee."

Bibi yake Feza, aliyekaa chini kando ya kitanda, ndiye aliyenijibu, tena bila hasira. "Mama, mu pori tulimufundisha: ukilia, watu wa bunduki watatusikia. Njo maana ananyamaza."

Aibu ile haijanitoka. Mzee aliifuata chupa kabatini, akamchoma ganzi taratibu, akaniambia kimya kingi kina mshindo mkubwa. Tukangoja. Vidole vikaachia kimoja kimoja. Ndipo Feza alipolia, kilio alichokizuia tangu porini, kwa sauti ya kujaza wodi nzima, na bibi yake akamwacha alie.

Sasa wewe uliyeirithi kazi yangu. Kesho mnamtoa mtoto aliyeletwa kutoka Kampene kidole tumbo kwa kamera, kupitia vitundu vitatu, na jana ukaniambia, "Mama, vitundu ni vidogo, ganzi ya nini?" Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kitundu ni kidogo kwako uliyesimama. Ndani tumbo limejazwa hewa na nyama imekatwa. Mpime kilo zake kwanza, maana dawa hiyo ikizidi huua. Akishalala, mchome ganzi kwenye ukuta wa tumbo kabla kisu hakijamgusa. Ninyi mna mashine ya kuwaonyesha sindano inapokwenda, sisi tulipapasa kwa vidole, kwa hiyo kisingizio huna. Akiamka, mtazame mikono, kisha muulize mama yake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, isimuumize mtoto wa mtu kwa uvivu wala kwa kiburi. Mimi nimestaafu, lakini kesho nitakaa kando ya kitanda cha mtoto huyo. Karatasi yako sitaiomba. Nitamshika vidole.