Punda wa Naeku na Bei ya Wageni

Umande bado mzito Ganako, na Naeku anakaza kamba tumboni mwa punda wake wa mbele. Mahindi ya gunia moja ameyagawa nusu kwa nusu, yananing'inia mbavuni kulia na kushoto. Anampiga kofi mgongoni, na punda wote wanne wanashika njia ya Karatu mjini.

Mjane huyu mwenye watoto watatu alishuka kutoka Endulen, ndani ya hifadhi ya wanyama, miaka mitano iliyopita, mwaka 1976, baada ya kilimo kupigwa marufuku humo na ng'ombe wake kumalizwa na ndigana, homa ya kupe.

"Nilikuja na punda wawili na Kimaasai changu," anasema. "Kiswahili nimejifunzia njiani."

Riziki ilipatikana, ila si sawa kwa wote. Wakulima wa Buger, kijiji cha mlimani, wenyeji wa siku nyingi na waumini wa kanisa moja, walimlipa mwenzao mwenye punda shilingi nane kwa kubeba gunia hadi mjini. Mgeni kutoka hifadhini, asiyebatizwa, alipewa tano. Mlima ni ule ule.

Naeku aliwahi kuuliza sababu. Akajibiwa kwamba wenyeji wana michango ya kanisa. Akaendelea kubeba kwa tano, maana watoto walitaka kula.

Masika ya mwaka jana ikakata barabara korongoni. Mikokoteni ilizama topeni, malori hayakuwa na dizeli. Mzee Tluway, mkulima wa Buger, paa la ghala lake lilikuwa linavuja, na mahindi yameanza kupata unyevu. Yeye na mkewe, Bernadina, wakamfuata Naeku nyumbani, wakaahidi shilingi ishirini kwa gunia.

Jirani yake Nalangu, mgeni kama yeye na mwenye punda pia, akamkonyeza akubali. Naeku akakataa.

"Mzee, sitaki ishirini ya shida," alimwambia. "Nipe nane, kama unavyowapa wenzako. Na mvua ikikatika ibaki nane, kwangu na kwa Nalangu."

Tluway akamgeukia mkewe. Aliyejibu ni Bernadina.

"Baba, mwanamke huyu anasema haki. Mpe."

Mahindi yote yalivuka salama. Kiangazi kilipofika, Tluway alilipa nane bila kukumbushwa, na majirani zake wawili wakamfuata. Wengine bado wanatoa tano. Hao Naeku hawabebei.

Sasa anaweka akiba ya kununua mtamba.

"Nitajenga zizi hapa hapa Ganako," anasema, akiwaswaga punda mlimani. "Nataka wanangu wafe wazee hapa, na asiwepo wa kuwaita wageni."