Wageni wa Alhamisi kule Masama

Niliondoka Tukuyu kwa sababu ya semina. Afisa mmoja alikuja kijijini kwetu akatuambia sisi akina mama wa kikundi kwamba nchi kama yetu, isiyo na viwanda vingi, inaweza kupata fedha za kigeni bila kusafirisha hata debe moja la mahindi. Mgeni anakuja mwenyewe, anakula, anaonyeshwa mambo, analipa, anarudi kwao. Hiyo, alisema, ndiyo biashara ya huduma, na watu wa Kilimanjaro wameshaiweza. Tukatazamana. Sisi tuna kahawa, tuna ndizi, mlima tunao, ila wageni ndio hatuna. Kikundi kikaamua mtu mmoja aende akaone kwa macho yake, nikachaguliwa mimi, nadhani kwa kuwa naongea sana na sioni haya kuuliza.

Jumatatu alfajiri nilipanda basi Mbeya. Usiku tulilala Dodoma, na Jumanne jioni nikashuka Moshi miguu imevimba. Mlima wenyewe sikuuona, ulikuwa umejifunika mawingu. Mbeba mizigo mmoja aliniona nimekodoa macho juu akacheka, "Mama, huyo haonyeshwi kwa mtu aliyefika leo."

Kituoni nilipokewa na Nsia, binti wa nyumba niliyokuwa naiendea. Namba yake tulipewa na yule afisa. Ni msichana wa miaka ishirini na kitu, Kiingereza anakiongea kama maji, na kazi yake ni kuwatembeza wageni shambani kwao na kuwatafsiria. "Karibu Anti," alisema. "Umekuja wiki nzuri. Keshokutwa tuna wageni wanane, wameshakonfemu."

Jumatano asubuhi tulipanda gari hadi Kwa Sadala, kisha bodaboda ikatupandisha Masama. Migomba ya huko ni mizuri, ingawa mbele ya Wanyakyusa wenzangu siwezi kusema inaishinda ya kwetu. Mama Nsia alitukuta njiani, akaninyang'anya begi, akanikalisha jikoni na bakuli la mtori wa ndizi. Nilipomaliza akanipeleka kumsalimia mumewe. Baba Nsia alikuwa kitandani tangu Pasaka kwa kiharusi. Nilipoinama nikasema "Shikamoo Mzee," aliinua mkono mmoja, na "marahaba" ikatoka nusu.

Kumbe yeye ndiye aliyeianzisha kazi hii. Alikuwa akishika mchi, anatwanga kahawa huku akiimba, na wageni wanacheza kukizunguka kinu. Picha yake akicheka ndiyo ofisi ya watalii ya mjini inayowaonyesha watu kwenye simu ili waje.

Mchana tulikaa uani na Mama Nsia akanifundisha. "Zamani kahawa ilitoka hapa kwenye magunia, bei tukaisikia redioni," alisema. "Sasa mnywaji anaifuata mwenyewe kwenye mti. Anachuma, anakaanga, anatwanga, anakunywa. Hatumuuzii kahawa peke yake, mama, tunamuuzia asubuhi yetu."

Nikamuuliza ugumu uko wapi. "Gunia linangoja ghalani. Mgeni hangoji. Akikukuta umenuna, umekwisha." Niliandika hayo kwenye daftari langu, nikapigia mstari.

Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Baba Nsia alikata roho. Mama Nsia alikuwa anampa uji, akaona haumezwi. Alimfumba macho, akaweka kijiko chini, akatutazama Nsia na mimi tuliokuwa mlangoni. Nilikuwa sijamjua mtu yule hata siku moja nzima.

Nsia aliipigia ofisi ya mjini. Nilisikia sauti ya mwanaume kwenye simu: "Poleni sana, jamani. Lakini wageni wako kwenye gari tayari. Mngetuambia jana." Mngetuambia jana! Nilitaka kumnyang'anya Nsia ile simu nimjibu. Mama Nsia akanishika mkono. Nyumba ya jirani ilikataa wageni mara moja tu, akasema, haikuletewa wengine tena. Na yeye mibuni yake imebaki michache, watoto wawili wa marehemu dada yake wanasoma kwa kazi hii. Kisha akasema jambo ambalo nadhani ndilo lililoamua. "Kazi hii aliianza yeye. Haitakufa naye siku moja."

Saa moja na nusu alifika mwinjilisti tuliyemwita, mtu wa makamo, akaomba nasi kando ya kitanda. Kwa desturi ya pale, mtu akifariki kengele ya kanisa inapigwa, na kila anayeisikia anaacha jembe na kuja kulia na wafiwa. Mama Nsia akamwomba asiipige kwanza. "Ikilia sasa, mtaa mzima utakuwa hapa uani," alisema. Mwinjilisti akafunga Biblia yake.

"Mpaka saa saba, Mama Nsia. Zaidi ya hapo sitaweza kumjibu Mungu wala watu."

Saa tatu gari likafika. Tangu Pasaka alikuwa akitwanga Mama Nsia mwenyewe, siku hiyo hakuweza, kwa hiyo mchi niliushika mimi. Sitaficha hilo. Wageni walichuma, wakakoboa, wakakaanga kwenye chungu, na nilipoanza kutwanga Mama Nsia alianzisha wimbo wa mumewe. Ulikuwa wa Kichagga, sikuelewa neno, nikawa naitikia tu. Alicheka, akapiga makofi, akamfundisha kijana mmoja wa Kizungu kuyumbisha kiuno. Hatua kumi kutoka pale, nyuma ya mlango uliofungwa, mumewe amelala na shuka usoni. Niliona aibu, na niliendelea kutwanga.

Kulikuwa na bibi mmoja wa Kizungu, nywele nyeupe, anatembea na fimbo, ambaye hakucheza. Alimwonyesha Nsia kitu kwenye simu, akamuuliza neno. Nsia akajibu haraka, akitabasamu. Walipokuwa wanaaga, bibi yule alimshika Mama Nsia mikono yote miwili, akakaa nayo.

"Aika," Mama Nsia akamshukuru kwa kwao, na gari likashuka.

Saa saba kengele ikalia. Watu walitoka kwenye kila kichochoro cha migomba, akina mama wakilia tangu njiani. Mdogo wake marehemu alifika miongoni mwa wa kwanza, akauliza kaka yake amefariki saa ngapi.

"Saa kumi na mbili na nusu, shemeji," Mama Nsia alimwambia. Hakudanganya.

"Na kengele imelia sasa hivi? Mlikuwa mnafanya nini?"

Aliviona vikombe vya wageni bado viko mezani, akaelewa. Akakaa chini pale pale kwenye udongo. "Kaka yangu amelala humo asubuhi nzima hana wa kumlilia," alisema, na hakumwambia shemeji yake neno lingine hadi mazishi.

Jumamosi tulimzika kihambani, kwenye shamba lao la urithi, kati ya migomba. Mama Nsia alisimama kaburini macho makavu. Nilisikia wanawake wakinong'ona nyuma yangu, nikageuka nikawatazama wakanyamaza. Jioni tulipokuwa tunaosha sahani aliniambia kwa sauti ndogo, "Machozi yalikuja Alhamisi, wageni wakiwa hapa. Nikayarudisha. Sasa nayaita, Mama, hayaji." Nililia mimi badala yake, ila haisaidii.

Jumapili Nsia alinisindikiza hadi Moshi. Kituoni nilimuuliza yule bibi mwenye fimbo alitaka nini.

"Aliniuliza baba wa kwenye picha yuko wapi, anataka kumsalimia. Alisema mume wake amefariki mwaka jana, na safari hii walikuwa wameipanga wawili."

"Ukamjibuje?"

"Nilimwambia yuko shamba." Akajifunika uso na mtandio, akalia pale pale katikati ya mizigo ya watu. Nilimshika mpaka basi lilipopiga honi.

Nyumbani, kikundi kilinikusanyikia na chai. Niliwaambia yote: kwamba kazi hii inawezekana, kwamba tusianze na nyumba moja bali tano, kwamba tutafute binti wa kutafsiri na tujenge vyoo vya maana. Niliwaambia pia nilichojifunza na ambacho afisa hakukisema, kwamba katika biashara hii bidhaa ni mtu mwenyewe, na mtu ana siku yake ya kulia. Nikataka kanuni hii iandikwe ya kwanza kabisa: nyumba yenye msiba haipokei wageni, jirani atawapokea, na ofisi yoyote itakayotuletea watu ikubali hilo kabla hatujaanza.

Mwenyekiti wetu, ambaye kwa kawaida hapendi faida impite, alikuna kichwa. "Na hao wageni tutawaambia nini?"

"Tutawaambia kuna msiba," nikasema. "Kwani kwao watu hawafi?"