Majani ya Mpera Juu ya Mukau

Mti wa mukau ukichanua haukupigii kelele. Unaanika nguo zako tu, mara harufu inakufikia, utamu mwepesi kama wa asali, nami narudi kuwa na miaka minane kwa nyanya yangu, kijijini Masii.

Nyanya tulimwita Susu. Mukau wetu aliuotesha yeye, kwa kokwa alizookota kwenye zizi la mbuzi. Mbuzi hula tunda na kutema kokwa, na Susu aliapa kwamba kokwa ambayo haijapita mdomoni mwa mbuzi ni mvivu kuota. Mama aliupanda mche huo karibu na mlango siku alipoondoka kwenda kufanya kazi kiwandani, Athi River.

"Mwanangu Mwende," aliniambia, "hii mti ikitoa kivuli, nakuja kukuchukua tukae pamoja."

Basi niliulinda kuliko Susu alivyolinda kuku wake. Ukarefuka, ukalipita paa la jiko. Mwaka wa tatu mama akatuma habari kwamba anakuja Jumamosi kuangalia kivuli chake. Wiki hiyohiyo, kwa kiangazi kile, mti ukapukutisha majani yote.

"Imelala tu," Susu alisema. "Mvua ikinyesha itaamka."

Lakini mama hakuwa anakuja na mvua. Alikuwa anakuja Jumamosi.

Msinicheke. Ijumaa nilifumua mkono wa sweta yangu ya shule, nikachuma majani ya mpera, nikayafunga kwenye mukau moja moja kwa uzi ule wa samawati. Niliishia pale mkono wangu ulipoishia. Juu kulibaki mifupa mitupu, nami nikaingia kulala nikilia.

Asubuhi mti ulikuwa na majani hadi juu. Nilijua Mungu amenisikia, na wala sikushangaa kwamba Mungu naye hufunga kwa katani.

Mama alifika saa sita. Majani yalikuwa yameshaanza kujikunja. Alitazama juu, akamtazama Susu kwa muda mrefu, kisha akatandaza leso yake chini ya mti, juani kabisa, akaketi.

"Hapa kumepoa," alisema, jasho likimtiririka.

Jioni ile alifunga nguo zangu tukaondoka. Nilimpungia Susu mkono mara moja tu, kwa furaha niliyokuwa nayo.

Juzi nilimtembelea. Mukau ulikuwa umechanua, naye ameketi chini yake akisuka kiondo, katani imejaa mapajani. Nikaitazama ile katani, kisha nikamuuliza ni nani aliyeyafunga majani ya juu.

"Ni mbuzi," alijibu bila kuinua macho, tukacheka hadi akakohoa.

Niliporudi kwangu Mumbuni ndipo machozi yakanitoka. Mti ule ungekosa kivuli, ningebaki naye. Susu alijua hivyo alipopanda ngazi alfajiri ile, na magoti yake mabovu. Kila jani alilofunga lilikuwa likiniondoa kwake, na alifunga hadi kileleni.